Fizi za Kaseti

Kijiwe chetu ni mlango. Sisemi kipo mlangoni, nasema ni mlango wenyewe: umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu cha viatu, kitasa chake bado kimo, na ukikaa vibaya kinakudunga. Aliyeuleta ni Kaseti, fundi funguo, na kwa miaka mingi nafasi ya katikati ilikuwa yake bila mtu kuuliza. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimbonyeza anacheza. Nani alimwoa nani, upepo ulioezua bati za shule ulivuma mwaka gani, timu ipi ilifungwa na nani kwa kichwa: Kaseti anakupa, na anakupa mpaka rangi ya shati. Kulia kwake hukaa Redio, kinyozi, ambaye redio ya pale kazini kwake haizimwi. Kushoto hukaa Mwalimu, mstaafu, ambaye meno yake yote ni ya kununua na anayavaa kwa heshima kama tai. Mimi, Fundi Soli, nakaa kwenye kigoda na kiatu cha mtu mapajani, maana hapa ni mimi peke yangu ninayefanya kazi. Wenzangu wanakuja kupumzika baada ya kupumzika. Kahawa anatumiminia Dada Birika, ambaye anasikia kila kitu na anajibu akipenda.

Asubuhi ninayoisimulia Kaseti hakuwepo. Mtu mmoja alikuwa amejifungia nje ya nyumba yake, akamwita. Kwetu hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu tuliyetaka kumjadili ni yeye mwenyewe, na muda ulikuwa mfupi.

Binti yake alikuwa njiani. Huyo ni mpishi wa shule ya bweni, mji wa mbali, na jioni iliyotangulia alimpigia simu Mwalimu kwa adabu zote akasema baba yake amekuwa msahaulifu. Kila akimuuliza kitu jibu ni moja tu, sikumbuki. Ameshamtayarishia chumba nyumbani kwake. Anakuja kumchukua, na kile kibanda cha funguo kitafungwa. Lakini kabla hajaamua kabisa, akasema, atapita kijiweni atuulize sisi, maana sisi ndio tunaoshinda naye. Kwa hiyo mambo ya Kaseti yalikuwa mikononi mwetu, na mikono yetu ilikuwa imeshika vikombe.

Na kweli, hata kijiweni kaseti ilikuwa imekwama. Ilianza polepole. Tunabishana, tunamgeukia, anatikisa kichwa: sikumbuki. Kesho yake hivyo hivyo. Akaacha karanga. Kahawa akawa anaiacha mpaka ipoe. Akahama katikati akaenda kukaa mwisho kabisa, upande wa kitasa, akawa anajibu kiganja kikiwa mdomoni. Na mdomo wenyewe, sitazunguka, ulikuwa unanuka. Fizi zilikuwa zimevimba na kutoka damu, na kila pua ya pale ilikuwa na habari hiyo, ila hakuna aliyethubutu kuisema.

Aliyetuletea maelezo ni Redio, na aliyaleta kama kawaida yake, nusu.

— Nimejua kinachomla Kaseti. Ni fizi.

— Fizi zinamla?

— Zinamla akili. Wamesema redioni. Walianza, "Watu wenye ugonjwa wa fizi," halafu mteja akataka nimpunguze pembeni, nikawasha mashine. Nilipozima walikuwa wameshafika kwenye "kupoteza kumbukumbu".

— Na katikati walisema nini?

— Katikati kulikuwa na nywele.

Ndivyo Redio anavyoijua dunia. Vita anajua vilivyoanza, hajui vilivyoisha. Magonjwa anajua dalili, dawa zote zimepitiwa na mashine. Lakini siku ile tulimwamini haraka, nadhani kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anatafuta cha kulaumu ambacho si mtu.

Mwalimu akaichukua habari hiyo akaanza kuijaza katikati, maana yeye hawezi kuona pengo akaliacha. Akatueleza kwamba usipopiga mswaki vizuri ukoga unaganda kwenye jino mpaka unakuwa mgumu kama jiwe, vijidudu vinajichimbia kati ya jino na ufizi, ufizi unavimba, unaanza kutoka damu. Hadi hapo hata mimi niliitikia. Baada ya hapo akawasha moto. Akasema vijidudu hivyo vikishashiba ufizi vinataka kupanda, na mizizi ya meno ya juu ni ngazi iliyotegeshwa tayari. Redio akasema kama ni kupanda basi vinapitia nyuma, yeye ndiye anayeshika vichwa vya mtaa huu na anajua. Kisogo cha Kaseti kina mfereji siku hizi. Mwanzo yeye Redio alidhani ni alama ya mto wa kulalia.

— Mfereji wa kitu gani? nikamuuliza.

— Wa vinakopita.

— Vinapita juu ya kichwa halafu viingie wapi?

— Sikioni, Soli. Wewe baki na viatu.

Mwalimu akamnyamazisha kwa mkono, kama darasani, akasema suala si njia. Suala ni kwamba kumbukumbu zenyewe zinakaa kwenye meno.

— Wewe Redio, unakumbuka ulivyokuwa unanyonya?

— Nitakumbukaje?

— Unaona. Meno ya utotoni yaling'oka, yakaondoka na mambo yake. Kila jino lina miaka yake. Kaseti ana matatu yanayocheza, na hiyo ndiyo miaka inayomtoka.

— Na wewe mwenye ya kununua?

— Zangu zinalala kwenye glasi usiku. Ndiyo maana siku hizi sioti.

— Na asubuhi ukiyasuuza? Dada Birika akauliza.

Mwalimu akanywa kahawa.

Mimi sipendi maneno ya ovyo. Nikawaambia tufuate ufundi. Ufizi ni kama gundi ya soli: ukiachia, kiatu kinaanza kupiga. Sasa chukua jino linalocheza. Kila ukitafuna, linatikisa taya, taya linatikisa kichwa, na kilichomo kichwani kinamwagika kidogo kidogo kupitia masikioni, tena zaidi usiku ukilalia upande mmoja. Nilipomaliza, Redio alikuwa ananitazama kwa huruma, na hilo liliniudhi, kwa sababu hoja yangu ndiyo pekee iliyokuwa na akili.

Ubishi ukaenda hivyo mpaka Dada Birika akatukumbusha kwamba binti anakuja na hatujaamua la kumwambia. Redio alitaka tudanganye, tuseme baba yake anakumbuka kila kitu, mpaka namba za nyumba. Mwalimu akasema yeye hajawahi kudanganya mbele ya mzazi wala mtoto na hataanza leo. Mimi nilitaka Kaseti abaki. Sina cha kupamba hapo. Nimezoea kuinua macho kutoka kwenye kiatu nikamwona, na sikuwa tayari kuinua macho nikaona mlango mtupu.

Binti akafika tukiwa bado hatujaelewana. Mwanamke mnene kidogo, mwendo wa mtu anayebeba masufuria makubwa, mikono ina alama za moto mpaka kiwikoni.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu, kaa.

Akakaa katikati, pale pale pa baba yake, bila kujua. Dada Birika akampa kikombe. Akaulizwa za safari, za watoto, za wakwe, akajibu zote, halafu akaweka kikombe chini na kutuambia anatuomba ukweli hata kama ni mchungu. Mama yao hayupo, yeye ndiye mkubwa, na hawezi kumwacha baba yake katika mji huu akichonga funguo za nyumba za watu huku kichwa kinamtoka.

Redio akafungua mdomo adanganye. Akatazamana na yule binti, akaufunga. Mwalimu akamweleza habari za fizi, na wasiwasi ulimfanya aeleze zote: ukoga, ngazi, mfereji, meno ya utotoni. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na angecheka tungemwelewa.

— Nimesikia, baba. Sasa niambieni, amesahau nini?

— Anasema hakumbuki, Mwalimu akajibu.

— Hilo nalisikia hata mimi. Nauliza amekosea nini. Amewahi kumwita mmoja wenu kwa jina la mwingine?

Hapana.

— Amechonga ufunguo ukakataa kufungua?

Hapana. Mimi nipo jirani, mtu akirudi na ufunguo mbovu ningesikia kelele.

— Amepotea njia? Amelipita duka lake? Amesimulia jambo likawa sivyo?

Tukatazamana. Nilirudi nyuma kichwani mwezi hadi mwezi nikitafuta kosa moja, dogo tu, la kumpa huyu mtoto wa watu, sikuliona. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa vidole na kidole cha kwanza bado kilikuwa kimekunjwa. Watu wazima wote tuliokuwa pale, tulishamzika Kaseti akili yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutaja kitu kimoja alichokisahau.

Dada Birika ndiye aliyezungumza. Alinyanyua kikombe cha Kaseti, kile chenye ufa ambacho hataki kibadilishwe.

— Hiki kila siku kinarudi na wekundu hapa pembeni. Nakiosha peke yake, nanyamaza. Nilijua anaumwa mdomo. Nikasema siyo kazi yangu kumwambia mtu mzima habari za mdomo wake.

Halafu akamgeukia Redio.

— Unakumbuka siku uliyosema kuna panya amefia chini ya kijiwe?

Ule utani tuliucheka wote siku hiyo, na Kaseti alicheka pia, tena kwa nguvu. Redio alikuwa bado hajui harufu inatoka kwa nani. Alisema tu, kwa sababu aliisikia na hajawahi kusikia kitu akakaa nacho. Kesho yake ndipo Kaseti alipokwenda kukaa upande wa kitasa. Mambo hayo mawili yalikuwa mbele yetu muda wote na hatukuyaunganisha, sisi wenye kuunganisha magego na masikio.

Nikaweka kiganja mdomoni nikajaribu kusema "sikumbuki". Lilitoka bila shida, midomo ilifunguka kidogo tu. Nikajaribu kusimulia harusi moja hivyo hivyo, haikuwezekana. Binti aliniona ninachofanya. Machozi yakamjaa, na akayaacha yajae.

— Kwa hiyo hajasahau, akasema. Amefunga mdomo tu.

— Hatujui, mwanangu, Mwalimu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza namsikia akitamka neno hilo. Labda yote mawili.

Ndipo tulipomwona Kaseti anakuja na sanduku lake la vifaa. Alipomwona binti yake alipunguza mwendo, na nikaelewa kwamba anajua binti amefuata nini. Binti akamwamkia, akajibiwa kwa kichwa, mkono ukiwa mdomoni. Kaseti akapita mbele yetu wote akaenda kukaa mwisho, upande wa kitasa, akaweka sanduku kati ya miguu. Sijawahi kuona mtu amekaa kijiweni kama yuko kituo cha polisi.

Kumuuliza moja kwa moja kusingesaidia, angesema hakumbuki. Lakini kijiwe chetu kina mtego wake wa zamani. Ukitaka Kaseti acheze, usimuulize, simulia vibaya. Kaseti anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia jua, hawezi kuvumilia jambo likisimuliwa sivyo. Tulikuwa tumeacha kuutumia kwa sababu tulidhani hakuna kilichobaki ndani. Aliyeutega siku ile ni Redio, na sauti yake haikuwa ya utani sana.

Akamwambia binti kwamba mlango huu aliokalia una historia. Siku ya harusi ya Dada Birika, akasema, bwana harusi alifungiwa chumbani.

Uongo wa wazi. Mtaa mzima unajua aliyefungiwa ni bibi harusi, Dada Birika mwenyewe, peke yake, ameshavaa, ufunguo umevunjikia ndani ya kitasa. Kaseti ndiye aliyeitwa. Nyumba ile ilipokuja kubomolewa, aliomba mlango, na ndio huu.

Kaseti akatazama miguu yake.

Mwalimu akasema siyo chumbani, ilikuwa jikoni, na mvua ilikuwa inanyesha kiasi kwamba wageni walikaa na miavuli. Kidole cha Kaseti kikaanza kugonga sanduku. Dada Birika, akimimina kahawa kama hasemi lolote la maana, akasema yeye anavyojua alitokea dirishani. Kidole kikagonga kwa kasi. Kiganja kilikuwa kimekaza mdomo mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na nilimwonea huruma, lakini sikuacha. Nikachukua nyundo yangu, nikapiga msumari mmoja kwenye kisigino, nikasema polepole:

— Wote hamkuwepo. Kaseti alikishindwa kile kitasa. Mlango ulivunjwa kwa mtaimbo.

Akasimama.

— Simameni.

Tukasimama, vikombe mkononi, binti pia. Kaseti akapiga magoti mbele ya mlango, akapitisha kidole kwenye ukingo wote, toka juu mpaka chini, akafika kwenye kitasa, akatulia hapo.

— Soli. Nionyeshe alama ya mtaimbo.

— Labda imefutika.

— Mbao haifuti alama. Nionyeshe.

Nikainama nikatafuta, kwa uaminifu kabisa, kitu ambacho najua hakipo. Nikasema siioni. Basi akaanza, na alipoanza alianza kweli. Mvua haikuwepo, jua lilikuwa kali mpaka maua ya gari yalilegea. Dirisha lilikuwa na nondo, nani anapita kwenye nondo na gauni lile? Bwana harusi alikuwa nje, shati la samawati hafifu, kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Wajomba wawili walikuja na mtaimbo mmoja, Kaseti akawaambia atakayeugusa mlango aanze na yeye. Akachukua waya mwembamba na subira.

Akamgeukia Dada Birika.

— Wewe ulikuwa unalia upande wa pili. Uliniuliza kama bwana harusi bado yupo. Nikakwambia yupo, anatembea huku na huku, anakula kucha. Hukuamini, ukaniambia nimchungulie tena. Nilimchungulia yeye kuliko nilivyokichungulia kitasa, ndiyo maana nikachelewa. Halafu ukavua kiatu kimoja, kilikuwa kinakubana. Kiatu alikishona huyu huyu Soli.

Dada Birika akaliweka birika chini.

— Hilo la kuchungulia sijawahi kumwambia mtu, akasema. Hata mume wangu.

Kaseti alikuwa anahema. Harufu ilikuwa imeshatufikia wote, na kusema kweli ilikuwa nzito. Hakuna aliyerudi nyuma. Redio, ambaye alikuwa mbali kuliko wote, alisogea akasimama karibu yake kabisa, akakaa hapo. Ndipo Kaseti alipogundua kwamba mkono hauko mdomoni. Akatoa leso, akajifuta, leso ikawa nyekundu, na akaitazama kwa aibu ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu mzima.

— Nilijua nanuka, akasema. Nikaona bora mdhani nimesahau. Mtu aliyesahau mnamhurumia, mnamwachia nafasi. Na nikiongea sana taya linauma.

— Hata mimi, baba? Hata kwenye simu?

— Hata wewe, mama. Uliniuliza habari za marehemu mama yako, na hizo ni ndefu.

Binti akaishika ile leso, na mkono uliomo ndani yake.

Kaseti akasema asidanganye, kuna vitu vinamtoka kweli. Juzi alisimama na ufunguo mkononi asijue ni wa nani, mpaka akakaa chini ndipo ukamjia. Hajui ni uzee au ni nini. Na ile habari ya redioni naye aliisikia, kibandani kwake, ambako hakuna mashine ya kunyolea. Aliisikia yote. Redio akainua kichwa.

— Katikati walisema nini?

— Walisema wataalamu wameona mara nyingi mambo hayo mawili yanakutana kwa mtu mmoja. Fizi mbovu na kumbukumbu kupungua. Lakini kwamba moja ndilo linaloleta lingine, hilo hawajathibitisha. Huenda anayeanza kusahau ndiye anayesahau na mswaki. Wakasema wanaendelea kuchunguza, na kwamba fizi zenyewe zinatibika, mtu asingoje.

— Sasa kwa nini ulingoja?

Kaseti akatazama sanduku lake.

— Niliogopa. Nilidhani nikifungua mdomo kwa daktari atatazama mpaka juu. Ataniambia na la pili, la kusahau.

Binti alikuwa bado amemshika mkono. Mwisho akasema chumba hakitakimbia, kitamngoja, na kama kweli siku itafika ya kukihitaji, atakuja mwenyewe kumchukua na hatamuuliza mtu. Lakini leo haendi naye mbali zaidi ya kwa daktari wa meno, yule wa karibu na posta. Akatugeukia.

— Nani anatusindikiza?

Hapo ndipo ungewaona wataalamu wangu. Redio alikumbuka kuna kichwa amekiacha nusu. Mwalimu akasema yeye kwa daktari wa meno angekwenda kufanya nini, hana jino. Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu. Nikanyoosha kikombe kupata cha kujishughulisha nacho, na Dada Birika akalipindua birika kunionyesha kwamba halina kitu.

Kaseti alikuwa amekaa tena. Hakukaa mwisho. Alikaa katikati, akafuta midomo, akaanza kucheza bila kubonyezwa.

— Redio, mwaka ule taa za barabara zilipowekwa, gego la chini kushoto, ulivimba shavu siku ya fainali, ukaapa mbele yetu utakwenda Jumatatu. Mwalimu, meno yako yanakukwaruza ufizi wa juu tangu mtoto wa jirani alipohitimu, unayavua ukila ukidhani hatuoni, na ulisema utayapeleka yarekebishwe likizo ikianza, ukiwa umeshastaafu, sijui likizo ya nani. Soli, wewe unatema damu kila asubuhi nyuma ya kibanda chako. Nakuona nikifungua duka. Ulisema ni mswaki mgumu.

Niliufunga mdomo wangu. Binti alinitazama meno mpaka nikageuka.

Tulikwenda wote. Dada Birika alitusindikiza mpaka kona kuhakikisha hakuna anayekata njia. Kule kwa daktari kuna korido nyembamba yenye benchi la plastiki, harufu ya dawa, na nyuma ya mlango kuna mashine inayolia kama ya Redio, ila kali zaidi. Tulikaa kwa mpangilio wetu bila kuambizana: Redio kulia, Mwalimu kushoto, mimi pembeni pasipo na kigoda, Kaseti katikati, binti yake amesimama amebeba lile sanduku la vifaa. Hakuna aliyebisha. Redio alijaribu kusema kitu kuhusu sindano, mashine ikalia, akaachia katikati.

Mlango ukafunguliwa. Daktari mwanamke, barakoa imeshushwa kidevuni, akatutazama toka mwanzo wa benchi mpaka mwisho, kisha akaanza tena mwanzo.

— Mgonjwa ni yupi hapa?

Nikatazama wenzangu nipate wa kumwonyesha. Redio alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mwalimu vilevile. Nikahisi vidole vyangu mwenyewe kwenye midomo na sijui vilifika saa ngapi. Daktari akangoja, na sisi wenye majibu ya kila kitu hatukuwa nalo hilo moja.

Kaseti akashusha mkono wake, akasimama.

— Anza na mimi, daktari. Zamu za hawa ninazo kichwani.